Gia imekatika, lakini malipo ya mashine ya kukodi bado yanadaiwa

Mshauri, habari za kazi.

Mimi na mume wangu tuna jiko la kupika chapati, maandazi na sambusa hapa Fort Worth, Texas. Tunauzia maduka ya Waafrika na sherehe za wikendi. Biashara imeandikishwa kama LLC, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo. Machi mwaka jana tulichukua mashine ya kukandia unga yenye bakuli la kwati 60 (kama lita 57). Bei yake kwa muuzaji ilikuwa dola 14,800. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyetuletea fomu za kampuni ya kukodisha. Kampuni hiyo ikainunua kwake, ikatukodisha sisi kwa miezi 48, dola 412 kila mwezi, na ukiongeza kodi ya mauzo inafika 445.99. Muda ukiisha tunaweza kuirudisha au kuinunua kwa bei ya soko ya wakati huo.

Kabla ya kusaini nilimweleza muuzaji kwamba donge letu ni gumu: kilo 25 za unga kwa lita 13 za maji. Akanijibu kwa ujumbe wa simu kwamba mashine itakanda hizo kilo 25 za chapati kwa mkupuo mmoja bila wasiwasi. Siku ilipoletwa, dereva alinipa karatasi nisaini kwamba nimeipokea na nimeikubali. Jioni kampuni ya kukodisha ikapiga simu kuuliza kama kila kitu kiko sawa, nikasema ndiyo. Mashine ilikuwa bado imefungwa kwenye paleti! Umeme uliunganishwa siku 4 baadaye.

Tangu wiki ya kwanza swichi ya joto inajikata. Juni gia ikakatika meno. Fundi wa muuzaji alikuja mara mbili, na tangu Septemba muuzaji hapokei simu. Tulilipa miezi 7, Aprili hadi Oktoba. Novemba na Desemba tukaacha. Mwanzo wa mwezi huu wa Januari imekuja barua: wanataka malipo 41 yaliyobaki yote kwa pamoja, dola 16,892, na dola 2,960 za "thamani ya mabaki", na faini, na mashine irudi. Tusipotii, kesi itafunguliwa California, maana mkataba unataja sheria na mahakama za huko. Sote wawili tulisaini udhamini binafsi.

Je, tunalazimika kulipia mashine isiyofanya kazi? Wanaweza kuja kuichukua kwa nguvu? Na nyumba yetu tunayoishi iko salama?

Mama Chapati, Fort Worth

JIBU

Dada, pole. Tuanze na lile usilotaka kulisikia: ndiyo, kuna uwezekano mkubwa mnalazimika kulipa hata kama mashine haikandi. Lakini si kila dola iliyoandikwa kwenye barua hiyo ni halali, na yupo mtu anayepaswa kukufidia, ambaye ni muuzaji. Una mambo mawili yanayopita njia mbili: deni liko kwa kampuni ya kukodisha, ugomvi uko kwa muuzaji. Ulipoacha kulipa ili kumkomoa muuzaji, uliyachanganya, na sheria haikuruhusu kuyachanganya.

Ukodishaji wa mali zinazohamishika Marekani unaongozwa na Sura ya 2A ya kanuni za biashara zinazojulikana kwa herufi UCC. Iliandikwa 1987, ikarekebishwa 1990, na majimbo yote yameipitisha isipokuwa Louisiana. Kwa hiyo hata kama mkataba wako unataja California, maneno utakayoyakuta ni karibu yale yale: kifungu cha 2A.407 cha Texas ni kifungu cha 10407 kule. Kinasema kwamba katika ukodishaji wa kifedha usio wa mtumiaji wa nyumbani, mkodi akishaikubali mali, ahadi yake ya kulipa haibatiliki na inasimama peke yake. Sisi tunakiita kifungu cha "lipa liwe liwalo". Mantiki yake ni kwamba kampuni ile haikutengeneza mashine, haikuichagua, wala haikuiona. Ilitoa pesa tu. Ukweli kwamba uliichukua kwa ajili ya LLC ndio uliokuondoa kwenye kinga nyingi walizonazo wanaokodi vitu vya nyumbani.

Lakini usikubali jina la "ukodishaji wa kifedha" kabla hujalipima. Pamoja na kwamba kampuni haikuchagua wala kutengeneza mashine, lazima jambo mojawapo kati ya haya liwe limetimia: ulipewa nakala ya mkataba wa ununuzi baina yake na muuzaji kabla ya kusaini, au kuukubali kwako mkataba huo lilikuwa sharti la ukodishaji kuanza, au ulipewa taarifa kamili ya waranti na mipaka yake, au uliarifiwa kwa maandishi, kabla ya kusaini, kwamba unastahili waranti zote za muuzaji na unaweza kuwasiliana naye moja kwa moja. Mara nyingi hili la mwisho ni aya moja ya herufi ndogo ukurasa wa pili. Itafute. Isipokuwepo, mwanasheria wako ana pa kuanzia, ingawa si ushindi wa moja kwa moja, kwa kuwa mkataba wenyewe huwa na kipengele chake cha "bila masharti" na baina ya wafanyabiashara mahakama kwa kawaida hukiheshimu.

Kilichokuumiza hasa ni ile karatasi ya dereva na ile simu ya jioni. Sheria (2A.515) inampa mkodi nafasi ya kutosha ya kukagua kabla ya kuhesabiwa kwamba amekubali. Wewe ulisema ndiyo mashine ikiwa kwenye paleti, na simu ile huwa inarekodiwa kwa kusudi hilohilo. Kampuni haimlipi muuzaji mpaka isikie neno hilo, na ukishalitamka, 407 inaanza kufanya kazi. Kukana ukubali baadaye kunawezekana (2A.517), ila kwa ukodishaji wa kifedha ni mlango mwembamba: uwe hukuijua kasoro wakati ule, na uwe umekubali kwa sababu kampuni ya kukodisha yenyewe ilikuhakikishia jambo. Maneno ya muuzaji kwa kawaida hayahesabiki kuwa ya kampuni, hata kama ndiye aliyekuletea fomu zao. Kama aliyepiga simu jioni ile alikuambia "sema ndiyo tu, kasoro zitashughulikiwa", andika leo ulichokikumbuka, pamoja na tarehe, na umtake mwanasheria aombe rekodi.

Hili si geni. Mwaka 2004 kampuni ya New Jersey iitwayo NorVergence ilifilisika baada ya kuwapangisha maelfu ya biashara ndogo visanduku vya simu ambavyo havikufanya kilichoahidiwa. Mikataba ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni za fedha, nazo zikaendelea kudai na kufungua kesi mbali na walipo wateja. Ilibidi tume ya biashara ya shirikisho na wanasheria wakuu wa majimbo waingilie. Huko kulikuwa na ulaghai wa wazi, na bado wapo waliolipa. Kwako kuna mashine ya kweli iliyozidiwa na kazi, kwa hiyo usitegemee kuokolewa hivyo.

Sasa barua yao. Malipo 41 mara 412 ni kweli 16,892. Lakini 2 tu ndiyo yaliyokuwa yamepitwa na tarehe; 39 ni ya siku zijazo, na pesa ya mwaka 2 mbele haina thamani ya pesa ya leo. Ukiyapunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, yale 39 yanakuwa kama dola 14,802. Ongeza 824 za miezi 2, unapata 15,626. Tayari wamezidisha kama dola 1,266. Halafu ile 2,960 ni asilimia 20 ya bei ya mashine, yaani kile walichokadiria kitabaki mwisho wa miezi 48. Wanadai thamani hiyo na papo hapo wanataka chuma chenyewe kirudi. Hapo wanakula sahani moja mara mbili. Fidia iliyopangwa mapema kwenye mkataba inakubalika ikiwa tu inalingana na hasara iliyotarajiwa (2A.504), na wakiichukua mashine wakaiuza au kuikodisha kwa mwingine, waandikie udai hesabu ya walichopata na jinsi kilivyopunguza deni. Soma kipengele cha fidia uone kama kinataja punguzo la thamani ya leo. Kikitaja na wao hawakulifanya, umeshapata hoja ya kwanza.

Ushauri wetu ni kutofika huko. Ikiwa mnaweza, lipeni miezi mliyokosa pamoja na wa Januari: mara 3, dola 1,337.97 na faini za kuchelewa. Msitume kimyakimya. Kwanza ombeni kwa maandishi kampuni ifute dai la malipo yote kwa pamoja na kuurejesha mkataba, na barua yao ya kukubali iseme salio ni kiasi gani. Kampuni nyingi hukubali, maana mashine ya jikoni iliyotumika, tena yenye gia mbovu, ni mzigo kwao. Kwenye barua yenu andikeni kwamba mnalipa chini ya pingamizi na haki zote zimehifadhiwa (kifungu cha 1.308 cha UCC). Sentensi hiyo haiwaondolei wajibu wa kulipa, ila inazuia kesho mtu asiseme kulipa kwenu ni kukubali kwamba mashine ni nzima.

Wiki hiyohiyo, kabla ya lolote lingine, pelekeni taarifa ya kasoro kwa muuzaji NA kwa kampuni ya kukodisha, kwa barua ya rejesta yenye stakabadhi ya kupokelewa. Sheria (2A.516) inasema ambaye hakuarifiwa ndani ya muda unaofaa hawezi kudaiwa tena. Ujumbe wa simu ulioutuma Juni ni ushahidi, lakini uchapishe ukiwa na tarehe na namba. Ndani ya barua weka namba ya mashine iliyo kwenye kibati, tarehe ya kila kukatika kwa swichi, tarehe za fundi na alichokifanya, picha za gia, na ule ujumbe wa kilo 25.

Huo ujumbe ndio silaha yako kubwa. Mashine za aina yako, zenye mkono unaozunguka ndani ya bakuli lililotulia, hupimwa kwa uwiano wa maji kwa unga na si kwa ukubwa wa bakuli. Donge lako lina maji asilimia 52, na uzito wote ni kama kilo 38. Donge linavyopungua maji ndivyo uwezo unavyoshuka, na kwa unga mgumu hushuka sana chini ya kile bakuli linachoweza kubeba. Tafuta jedwali la uwezo kwenye kitabu cha mtengenezaji, mstari wa asilimia 50 na wa 55. Kama linasema mathalani kilo 18 za donge, basi muuzaji, akijua kipimo chako, alikuuzia kifaa kisichofaa kazi uliyomtajia. Hiyo ni waranti ya kufaa kwa kazi maalumu, na kifungu cha 2A.209 kinakupa wewe haki za waranti alizompa mnunuzi wake, ambaye ni kampuni ya kukodisha, kana kwamba aliziahidi kwako. Geuza karatasi ya bei aliyokupa uangalie nyuma kama ameandika kwa herufi kubwa kwamba hatoi waranti yoyote, maana ndiyo kinga atakayoikimbilia.

Texas imekupa na njia nyingine ambayo wenye biashara ndogo wengi hawaijui: sheria dhidi ya udanganyifu katika biashara, ambayo mawakili huiita DTPA. Pamoja na jina lake la kumlinda mlaji, inaikubali kampuni kuwa mlaji ikiwa mali zake hazifiki dola milioni 25, na inataja waziwazi anayepata bidhaa kwa kukodi. Muuzaji hakuuza chini ya kipengele cha California. Hicho kimo kwenye mkataba wa kukodisha tu. Unampelekea notisi ya siku 60 ukieleza malalamiko na kiasi unachodai, ndipo unafungua kesi, na muda wa mwisho ni miaka 2. Ikithibitika alisema uongo akijua, fidia inaweza kufika mara tatu ya hasara ya kiuchumi. Mahakama ya justice, yaani mahakama ndogo ya kaunti, inasikiliza madai hadi dola 20,000, na pale mmiliki anaweza kusimama kwa niaba ya LLC bila wakili. Usidai malipo yote ya miezi 48 kwa hasira. Kipimo cha waranti ni tofauti ya thamani kati ya kilichoahidiwa na kilicholetwa, na juu yake matengenezo na hasara unazoweza kuzionyesha kwa risiti: unga uliomwagwa, oda zilizofutwa, vibarua wa kukanda kwa mikono.

Jambo la haraka kuliko kesi ni waranti ya mtengenezaji. Nyingi za mashine hizi ni mwaka 1 kwa vipuri na kazi, na yako inatimiza mwaka Machi. Peleka dai sasa, moja kwa moja kwa mtengenezaji. Usimruhusu fundi wa mtaani afungue boksi la gia, kwani hicho ndicho kisingizio cha kwanza cha kukataa. Gia iliyokatika itunze.

Suluhisho bora tunaloliona ni kubadilishiwa: muuzaji achukue hii, alete ya spairo, ambayo bakuli lake nalo linazunguka na imetengenezwa kwa madonge magumu. Lakini, tafadhali, usimrudishie mashine kwa makubaliano yenu wawili. Mali ni ya kampuni ya kukodisha. Ikiondoka jikoni kwako bila idhini yao ya maandishi, umevunja mkataba, umepoteza mali ya watu, na bado unadaiwa. Yawe makubaliano ya watu watatu, yenye namba mpya ya mashine, muda uleule, na tofauti ya bei imetajwa. Bima nayo ibadilishwe siku hiyo.

Kuhusu kuichukua kwa nguvu: baada ya mkodi kuvunja mkataba wanaruhusiwa kuichukua bila amri ya mahakama mradi wasivunje amani (2A.525). Kuvunja kufuli, au kuendelea ukiwa umewakatalia pale pale, mahakama huhesabu kuwa ni kuvunja amani. Wakija, sema wazi "sikubali", rekodi kwa simu, usimguse mtu. Watalazimika kwenda mahakamani.

Nyumba mnayoishi, hapa Texas, iko salama kwa deni la aina hii. Katiba ya jimbo inailinda makazi ya familia, na mishahara nayo haikatwi kwa hukumu ya deni la kawaida. Kisicho salama ni akaunti za benki, za LLC na zenu binafsi, pamoja na nyumba nyingine yoyote mnayopangisha. Kwa hiyo zikija karatasi za mahakama kutoka California msizipuuze kwa kudhani ni mbali. Kule jibu ni ndani ya siku 30, na LLC haiwezi kujitetea bila wakili. Msipojibu, hukumu ya upande mmoja inatolewa, kisha inasajiliwa Texas na kutekelezwa kama ya hapa. Chama cha mawakili cha kaunti yenu ya Tarrant kina huduma ya kuelekeza kwa mwanasheria. Omba anayeshughulika na mikataba ya vifaa, na mpelekee kurasa zote, za mbele na za nyuma.

Una bahati kwamba mkataba wako ni wa bei ya soko. Ungekuwa na haki ya kuinunua kwa dola 1 mwishoni, kisheria usingekuwa ukodishaji bali mkopo wenye rehani, na hesabu ya kuiuza mashine ingefuata Sura ya 9 ya UCC, inayohusu mikopo ya namna hiyo. Lakini mikataba ya bei ya soko ina mtego wake: usipotoa notisi kabla ya mwisho, mara nyingi kati ya siku 90 na 180, inajirefusha yenyewe kwa miezi kadhaa. Tafuta kipengele hicho, uandike tarehe ukutani. Kagua pia ankara zako 7 kama hukukatwa malipo ya bima. Wasipopata hati yako ya bima inayowataja wao kuwa wapokeaji wa fidia, huweka ya kwao, tena ghali, na ukiwatumia hati hiyo unaweza kudai waiondoe.